Upande wa Ziwa

Kila ninaposikia harufu ya samaki wa moshi, ninamkumbuka mama siku ile ya basi. Jioni moja baba alitupeleka kwa basi pamoja na watu wa parokia, tukapita Bogoro mpaka juu ya mlima unaoangalia ziwa, ili tuone jua likizama. Wote waligeukia magharibi. Mama peke yake alitazama chini upande wa ziwa, kwenye moshi wa samaki wa Tchomia, kijiji cha wavuvi alikozaliwa na ambako hakuwa amerudi tangu aolewe.

“Jua iko huku,” baba alimwambia.

“Najua. Lakini kwetu iko kule.”

Baba akaliacha jua, akaja kusimama kando yake.

“Nyumba yenu iko wapi?”

Mama akamwonyesha, na sote watatu tukaangalia huko mpaka shofere alipopiga honi.