Gari Nzima, Ila

Miaka ile ya hamsini baba yangu alikuwa fundi mkuu wa gereji ya mabasi hapa Tanga, na nyumba yetu ya Chumbageni ndiyo ilikuwa gereji ya pili. Kule kazini madereva hawakusema kweli. Mwenye mabasi alishinda pale pale kitini, na kila kasoro aliyoisikia aliihesabu kuwa ya dereva: wewe ndiye uliyevunja, wewe ndiye uliyepanda mawe. Kwa hiyo mbele yake gari zote zilikuwa nzima. Baada ya sala ya alasiri ndipo walipokuja mmoja mmoja barazani kwetu, kumpa baba ripoti yenyewe.

Ripoti! Ungewasikia wewe. Mtu wa pwani hakuingilii na habari mbaya kama anayekimbizwa na nyuki. Alimsalimu baba kwanza, akauliza watoto, akauliza mguu wa bibi, akauliza mvua za Muheza, akapewa kahawa, akaisifu kahawa. Baba naye alingoja, maana alizaliwa huku huku.

"Na gari?" akauliza mwisho.

"Nzima, fundi. Haina neno." Funda la kahawa. "Ila breki."

"Breki zina nini?"

"Hazipo."

Mie nilikuwa nyuma ya pazia la mlango na ukili wangu wa mkeka nasuka, msichana mkubwa wa kukaa ndani, nimeuma kanga nisicheke kwa sauti. Siku nyingine alikuja dereva wa njia ya Pangani, mtu mzima, anajisifu miaka yake ya kazi. Gari yake nzima, ila usukani unavuta upande wa baharini.

"Ukienda au ukirudi?" baba akauliza.

"Kote, fundi."

Baba akaweka kikombe chini. "Ukienda Pangani bahari iko kushoto. Ukirudi iko kulia. Usukani gani huo unaoifuata bahari? Pale Kigombe njiani unamwangalia nani?"

Mama aliangua kicheko uani akaangusha mwiko. Dereva aliaga bila kumaliza kahawa yake.

Basi kila dereva alikuwa na "ila" yake, na baba aliipokea bila kumgombeza mtu. Mmoja tu hakuwa nayo. Alikuwa kijana wa Ushongo, mrefu, mwembamba, shati limenyooshwa hata baada ya safari, na yeye pia alikuwa njia ya Pangani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Gari?"

"Salama."

"Tairi je? Kashata zipo?" Kashata alizouliza baba si hizi za nazi, ni yale matuta ya mpira yanayoshika barabara. Mwenye mabasi hakununua tairi mpya akipata njia ya kukwepa. Tairi likiisha kashata alilipeleka likavishwe mpira mwingine juu ya ule wa zamani, na mpira wa kuvishwa una tabia ya kubanduka.

"Zipo, fundi. Salama tu."

Kisha anaaga, na akigeuka macho yake yanapita juu ya pazia. Nilijua kwa nini hana "ila". Alitaka nisikie kuwa yeye ndiye dereva asiye na doa. Mwanamume akitaka kupendeza hupungukiwa na akili, jamani! Na mie, bila haya nasema, nilipendezwa. Nilimtaka. Nilimtaka hata ukili ukinitoka vidoleni nisijue, na mkeka ule mpaka leo una upande mmoja mpana kuliko wa pili.

Asubuhi moja, basi lake halijafika Kigombe, ukanda mzima wa mpira ukabanduka kwenye tairi la mbele, ukawa unapiga bodi kwa kishindo. Usukani ukamshinda, basi likaingia shambani kwenye mkonge. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Kuku wa abiria walitawanyika, nazi zikabingirika mpaka barabarani, na mzee mmoja aliyerushwa akakalia miba ya mkonge alihudhuria maulidi mwezi ule wote amesimama.

Baba alikwenda kulikwamua basi. Alirudi jua linazama, ukanda wa mpira begani, hamsalimu mtu. Akapigilia msumari ukutani barazani, akautundika. Toka siku ile madereva walibadilika adabu. Mtu alikuwa hajafika hata kizingitini, "Shikamoo fundi springi imekatika!" Mguu wa bibi hakuna tena aliyeuuliza, bibi mwenyewe akanuna.

Kijana wa Ushongo hakutokea. Aliyetokea ni mshenga wake, mjomba wake muuza samaki wa ng'onda, kanzu safi, tambuu imefungwa kwenye leso. Alikuja kuniposa. Moyo wangu ulikuwa unapiga bodi kama ule mpira.

Mshenga alimsifu mpwawe: anasali, hanywi, mkono wazi, anatoka kwa watu. Baba alimwacha amalize.

"Na kasoro zake?"

Mshenga akapaliwa. Nani amepata kuulizwa hivyo kwenye posa? "Hana, bwana. Wallahi hana."

Baba akainua macho kwenye msumari. "Na tairi hili nililetewa hivyo hivyo, halina kasoro. Basi zima la watu, na mimi nimeambiwa salama. Leo nimpe na mwanangu?"

Posa ikarudi na tambuu yake. Nililia nikakataa kula, na baba alipoambiwa kwamba sijala alisema njaa si kasoro, itatengenezeka. Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe. Lakini mama alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa uani, ati anampelekea mshenga maji ya kunywa. "Mwambie aje mwenyewe," akamnong'oneza. "Aje kama dereva, asije kama bwana harusi."

Mtu haendi kujiposea mwenyewe. Chumbageni nzima wangesema, na walisema kweli kweli. Lakini alikuja, alasiri, saa ile ile ya madereva. Hakukaa. Alisimama chini ya baraza, shati halikunyooshwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Gari?"

"Si nzima, fundi."

Kikombe cha baba kilisimama hewani. Hakuna dereva aliyepata kuanza hivyo.

"Sema."

"Nakoroma. Asubuhi nina hasira mpaka nipate chai. Kwetu wote wavuvi, mimi nikipanda ngalawa natapika, ndiyo maana nikakimbilia usukani. Niliposa Pangani nikakataliwa. Mama yangu ataishi na mimi popote nitakapokaa, na mama yangu anasema, fundi. Anasema kutwa."

"Na tairi?"

Nilisogea hata pua yangu ikagusa pazia.

"Niliona. Jioni ile kabla ya safari niliona mdomo wa mpira umeinuka. Nikaja hapa nikakwambia salama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna mtu nyuma ya pazia."

Baba hakucheka. "Ungewaua watu."

"Ningewaua. Silali, fundi."

"Umesema unakoroma."

"Nilikuwa nakoroma."

Hapo nilisikia baba anameza kahawa, kisha akakohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko. "Wewe wa nyuma ya pazia!" akaita. "Kasoro zote umezisikia. Gari hii unaichukua ilivyo, au irudi Ushongo?"

Ada inajulikana: mwari akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza ndiko kukubali. Mama alikuwa ameshanifinya paja ili nisisahau. Lakini mdomo wangu haukuumbwa kwa kazi hiyo.

"Huyo mama yake," nikasema, "anasema kiasi gani?"

Madereva waliokuwa wakingoja zamu zao wakapasuka kwa kicheko, na mama akadakia: "Bora wewe umeambiwa! Mie niliuziwa gari mpya!"

Tulioana. Baba alinipa ule ukanda wa mpira siku ya harusi, pamoja na kitanda na masufuria, na wifi zangu walishangaa hicho nacho ni chombo gani. Niliutundika ukumbini kwangu. Kila jioni mume wangu akiingia nilimuuliza, "Gari?" Naye, "Nzima, ila," kisha anasema kweli: ila nimegombana na mwenye mabasi, ila nimeonja halua ya mama mpaka imekwisha. Watoto wetu walikua wakidhani hiyo ndiyo salamu ya kila nyumba. Mama mkwe alisema kutwa kama alivyoripotiwa, nami nikamjibu kutwa, tukapendana.

Mume wangu alikuwa na mvi kichwa kizima jioni ile aliporudi msikitini akashika kizingiti kabla ya kuingia.

"Gari?" nikamuuliza.

"Nzima."

Nikangoja. Aliomba maji, akanywa, akakaa kwenye ule mkeka wangu wa kombo. "Ila" haikuja. Alfajiri nilimwamsha kwa sala, hakuamka.

Kwenye matanga ndipo nilipoambiwa. Kifua kilikuwa kinambana tangu Ramadhani. Imamu anajua, muuza kahawa anajua, mpaka kinyozi anajua, na wote aliwaapisha nisiambiwe mie. Mji mzima ulipewa ripoti isipokuwa mke wake.

Ukanda bado upo msumarini, umekauka, umepasuka. Jioni nikikaa chini yake hasira hunipanda nikafoka peke yangu, wajukuu wakanitazama. Mwanamume we, pazia liliondoka zamani! Ulikuwa umekwisha kunioa, ulitaka kumpendeza nani tena?