Kicheko Kimoja Gizani

Nyumbani kwa shangazi yake walimwita Mreno, ingawa hakuwahi kumwona Mreno uso kwa uso. Darasa la Kireno pale chuoni lilianza limejaa. Wenzake wakahamia uhasibu mmoja mmoja, hata akabaki yeye na mwalimu, kama mafiga mawili yasiyoweza kuinjika chungu. Jioni alifanya mazoezi ya kuongea na sanamu ambalo shangazi, fundi wa nguo, alilivika magauni ya wateja.

"Mwanangu, huyo mwenzio hana kichwa," shangazi alisema, pini mdomoni. "Mtaelewana kweli?"

"Angalau hanikatizi, shangazi."

Ndiyo maana tamasha la filamu za Kireno alilingoja kama angojavyo mtu mgeni wake. Si filamu zenyewe alizozitamani hasa. Alitamani kukaa ukumbini bega kwa bega na mtu atakayecheka pale pale anapocheka yeye, bila kusoma tafsiri.

Siku ilipofika, mwalimu alimpokea mlangoni akihema. Maandishi ya tafsiri pale yaliwekwa kwa mkono: mtu hukaa chumba cha mitambo, anasikiliza, na kila mwigizaji afunguapo kinywa yeye hubonyeza kitufe, sentensi ikatokea chini ya picha. Mwenye kazi hiyo alikuwa anaumwa.

"Mimi nina wageni wa kupokea hapa mlangoni. Hakuna mwingine wa kuyafuata maneno ila wewe."

"Mimi nilitaka kukaa na watu, mwalimu."

"Utakuwa nao. Utawaona kwa juu."

Akapanda. Kidirishani aliona visogo tu, safu kwa safu, vimegeukia mwanga. Alibonyeza vizuri, hadi bibi kizee mmoja kwenye filamu alipoanza kumtetea jogoo wake mbele ya askari. Maneno yalimteka. Alicheka hadi machozi, na kidole kikasahau kazi yake.

Ukumbi ulikuwa kimya kama maji mtungini. Kisha, kutoka gizani kule chini, mtu mmoja akacheka. Peke yake, bila maandishi.

Akashtuka, akabonyeza, wengine wakacheka kwa kuchelewa. Lakini moyo ulikuwa umeshaamka. Utani wa pili ulipofika, hakusahau. Alikizuia kidole kwa makusudi, akatega sikio. Kicheko kile kikaja tena, kikakutana na chake. Wa tatu akazuia tena.

"Huko juu mmelala?" mtu akauliza, na wengine wakaguna.

Filamu ilipokwisha alishuka ngazi mbiombio, akasimama mlangoni. Watu walimpita wakizungumzia mvua na usafiri. Kicheko hakina sura, na kati ya wote wale hakuna aliyekuwa akicheka. Akabaki na mfagizi, na viti.

"Leo maandishi yalikuwa na uvivu," mwalimu alimwambia wakitoka, bila ukali. "Haidhuru. Yule aliyekuwa anaumwa kesho anarudi kazini. Wewe utakaa chini."

Kesho yake alikaa safu ya katikati, kiti cha kushoto kitupu, cha kulia kitupu. Utani wa kwanza ulipofika alicheka kabla ya maandishi, kwa sauti, vichwa viwili vitatu vikamgeukia. Akanyamaza, akasikiliza.

Ukumbi ulikuwa bado unasoma.