Kuulizia Panga kwa Kisebuano

Hata leo nikinusa siki na kitunguu saumu vikichemka pamoja, hujikuta nimegeuka kuangalia mlango. Ndiyo harufu ya jiko la Anti Luzi, lililopakana na chumba chetu pale Igowole, ukuta mmoja tu wa matofali mabichi katikati.

Alitoka Sebu, Ufilipino. Jirani yetu Kastori alikutana naye Dubai, walikokuwa wakifanya kazi hoteli moja, akamwoa, akamleta kwenye baridi ya Mufindi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Mtoto hawakuwa naye, kwa hiyo mimi, Tumaini, mwenye miaka tisa, nilikuwa wake kila nikitoka shule.

Alinifundisha lugha yao kwa mchezo. Alinipa kitu nikifiche, akafumba macho, kisha akauliza: "Asa ang asin?" Yaani, chumvi iko wapi? Nami nijibu "naa diri", ipo hapa, au "naa sa ilalom sa katre", ipo chini ya kitanda. Nikikosea alicheka mpaka akashika mbavu. Shuleni nilijidai sana. Niliwatukana wenzangu kwa majina ya vijiko na chumvi, wakaenda kunishtaki kwa mwalimu.

Baada ya miezi michache chumvi tukaiacha. Tukawa tunaficha ufunguo, mkanda na, zaidi ya vyote, panga, ambalo wao huita sundang. Kila alasiri panga lilipata mahali papya. Sikuuliza kwa nini, ingawa jioni nilisikia vishindo, sufuria zikianguka, sauti ya Anti ikikatika ghafla. Mama aliongeza redio. "Mambo ya watu na ndoa yao hayo," alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Jumamosi moja mchana Kastori aliingia amelewa ulanzi, akafunga mlango kwa komeo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya gunia la mahindi. Mtu alikuwa amemwambia kwamba mkewe anataka kutoroka, na sasa alitaka paspoti yake aichome.

"Iko wapi?" Ngumi. "Nakuuliza, iko wapi?"

Akamkamata nywele, akampigiza uso kwenye kona ya meza, mara moja, mara mbili. Jino likadondoka, likabingirika sakafuni na uzi wa damu nyuma yake. Kisha akaanza kupekua, akipindua kila kitu. "Panga liko wapi humu ndani? Leo nakumaliza!"

Anti aliinua uso. Jicho moja lilikwisha fumba. Kwa lile jingine alinitazama, akauliza polepole, kama siku zote, "Asa ang sundang?"

"Didto sa gawas," nikajibu. Kule nje. Nilikuwa nimelisukumiza ndani ya rundo la kuni.

Niliona mabega yake yakishuka.

"Mnanisengenya mbele yangu?" Kastori alinigeukia. Teke la kwanza lilinipata tumboni. La pili lilinivunja mkono. Niliusikia mfupa ukilia kama ukuni mkavu. Nikapiga ukunga, "Mamaaa!"

Mama aliuvunja mlango kwa mchi wa kutwangia, akaingia nao. Pigo la kwanza lilimwangusha Kastori. Akaendelea kumtwanga chini, magotini, mgongoni, kwenye vidole alivyojikingia, mpaka vikapinda ovyo. Majirani wanne walimng'oa mama pale bado akirusha miguu. "Mwanangu!" alikuwa akipiga kelele. "Umempiga mwanangu!"

Kastori alipona, akafungwa. Anti Luzi aliondoka wiki iliyofuata kipigo kile, na basi la asubuhi, paspoti kifuani, mdomo una nyuzi. Alinikumbatia kwa upande wa mkono mzima, akapanda.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushujaa wa mama. Mwaka jana, nikiwa nina watoto wangu, nilimuuliza tukiwa tunamenya viazi.

"Mama, siku zile nyingine ulikuwa unasikia?"

Kisu chake kilisimama. "Tulikuwa tunasikia wote," alisema.

Akaendelea kumenya, wala sikumlaumu, maana na mimi nilikuwa nikisikia. Ila sasa najua nilichokiona siku ile. Anti Luzi alikuwa amelia mwaka mzima. Mlango ulivunjwa nilipolia mimi.