Ngata yangu imebaki ubaoni

Mwalimu wa hisabati, ukome kumpa mjukuu wangu sifuri kwa kitu usichokijua wewe!

Jamani, watoto waliambiwa wapeleke umbo kutoka nyumbani. Mwingine kopo, mwingine chungwa. Neema wangu akapeleka ngata, ile pete ya majani ya mgomba ninayobebea mizigo kichwani.

Leo karudi nayo analia.

Nikaiweka kichwani, mkungu wa ndizi za gulioni juu yake, huyoo shuleni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hii ni tufe?"

"Hapana, ina tundu."

"Mche duara?"

"Hapana, imejipinda."

"Basi ni nini?"

Akafunua kitabu. Darasa zima linamtazama.

"Bibi, kitabuni haimo."

"Kwani hicho kitabu kimewahi kubeba ndizi?"

Watoto walicheka hao! Neema akapewa vema yake, ngata ikatundikwa ubaoni iwe mfano.

Nikatoka kifua mbele.

Kufika getini nilikoutua mkungu, nauweka juu ya nini?

Kurudi kuidai niliona aibu, baada ya maneno yote yale. Nimeukumbatia mkungu kama mtoto mpaka gulioni, gauni limejaa utomvu. Chekeni tu.

Mwalimu, kesho sokota ngata yako. Yangu mpe Neema aje nayo.