Sigara ya Mzee Twalibu

Sihaba hakuwa mwanamke wa kushtuka ovyo. Alizaliwa Umwe, kijiji cha kando ya mto, akaolewa, akaachwa kwa kukosa mtoto, akarudi kulima mpunga na mama yake. Mto ukifurika na kuchukua shamba, yeye huyo, anapanda tena. Alipoitwa Bungu kuwa mlezi wa kituo cha yatima, aliona ni kazi kama kazi nyingine. Watoto walimwita Mama. Mwanzoni aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya kando ya barabara, yaliyokuwa yakikaa na chumvi na viberiti tu, sasa yalijaa redio, sabuni za kunukia na sigara za kila rangi, zikiuzwa moja moja hata kwa mtoto. Kituoni sharti lilikuwa kali: atakayekutwa anavuta, anafukuzwa. Aliliweka Mzee Twalibu, aliyetoa nyumba yake iwe kituo, na ambaye kila jioni baada ya swala alikuja kukaa barazani na kuwasimulia watoto habari za mitume, sigara mkononi.

Siku moja ya gulio Sihaba alikwenda kununua dagaa. Alikuta watu wamezunguka gari la matangazo la kampuni ya sigara, lililotoka Dar es Salaam. Spika zilipiga muziki mpaka kifua kinatetemeka. Kijana mwenye kofia nyekundu alikuwa akipiga kelele: anayejua kutoa moshi puani kwa madaha zaidi, mwavuli wake huu hapa!

Sihaba alitaka kupita. Kisha akatazama juu.

Aliyesimama pale juu ya gari, kanga ya kuazima kiunoni, moshi ukimtoka puani taratibu kama mtu mzima aliyeizoea miaka yote, alikuwa Swaumu. Swaumu wake! Yule binti mkimya aliyeletwa kutoka Maparoni baada ya bibi yake kufariki, ambaye hata chakula alikuwa haombi.

Kapu lilimtoka Sihaba mkononi. Hakujua alivyopanda, akajikuta juu ya gari.

"Huyu ni mtoto! Hamuoni kuwa ni mtoto?"

"Mama, tulia bwana!" kijana alisema kwenye spika. "Bintiyo fundi!"

Watu wakacheka. Watu wazima, majirani zake, walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kituoni alimkalisha Swaumu jikoni.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Mama."

"Swaumu, niambie. Sikupigi."

"Babu Twalibu akinituma nimwashie sigara jikoni, nisipoivuta inazimika njiani. Basi nikazoea." Binti alimtazama kana kwamba anamweleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Sote tunamwashia. Leo zamu ya Kijakazi."

Kijakazi alikuwa ameng'oka meno ya mbele, mapya bado hayajaota.

Sihaba aligeuka kuyatazama mafiga. Jioni ngapi watoto walichutama kwenye mafiga yake, naye akawaambia tu wasiunguze nguo? Mara nyingine aliwasogezea kaa la moto yeye mwenyewe.

Mzee Twalibu alifika na habari za gulioni anazo tayari.

"Arudishwe Maparoni kesho," alisema. "Sharti ni sharti."

"Kwa nani, mzee wangu? Walioko huko ni makaburi."

"Wewe Sihaba, unataka waharibike wote?"

"Heshima yako iko palepale, mzee. Lakini kwanza mtume Kijakazi akuwashie sigara, kisha unifuate."

Mzee alimwona mwanamke huyu ameshikwa na jambo, akatoa sigara. Kijakazi akaipokea na kukimbia. Wao wakamfuata polepole mpaka mlangoni mwa jiko.

Mtoto alichutama, akaitia mdomoni, akaigusisha kwenye kaa na kuvuta. Mashavu yakaingia ndani. Akavuta tena, macho nusu yamefumba, moshi ukamtoka puani. Akapangusa kichungi kwa gauni lake, akageuka na kumkuta mzee amesimama.

"Tayari, Babu."

Mzee Twalibu hakuipokea. Alitafuta kigoda kwa mkono kama kipofu, akakaa.

"Innalillahi," alisema mwishowe. "Mimi nilidhani wanaiwashia kwenye kaa tu."

Swaumu hakufukuzwa. Mzee hakuonekana kituoni kwa muda mrefu, na aliporudi hakuwa na sigara. Kuacha hakuacha, alikiri mbele ya watoto, imemshinda, lakini hapo hataivuta tena na hakuna wa kumwashia. Sihaba alizunguka madukani kuwasihi wasiwauzie watoto. Wengine walimkubalia. Abbasi, mwenye duka la karibu na stendi, alimjibu, "Nisipouza mimi, atauza mwenzangu, Bi Sihaba."

Kwa Swaumu kuacha hakukuwa rahisi. Alikuwa mkali, alilia bila sababu, aliokota vipisi vya sigara stendi. Sihaba alimpa ubuyu wa kumumunya na kukaa naye.

Mchana mmoja binti aliingia na sigara nzima kiganjani, haijawashwa.

"Nimeinunua kwa Abbasi, Mama. Ichukue kabla sijabadili mawazo."

Sihaba aliichukua upesi. Hakujua amkaripie au amkumbatie. Alimwambia akanawe mikono, waende wakapepete mchele.