Mikeka ya Kando ya Njia

Usiniulize tarehe. Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule ulioletwa kwa treni, ukiupika unanuka gunia, ukishaula tumbo linanguruma hadi kesho. Kabla yake tulikuwa tumemaliza michembe, viazi vile tunavyokata na kukausha juani, na kabla ya michembe tulikuwa tumemaliza mtama. Mimi nilikuwa nang'oka meno ya mbele. Hiyo ndiyo kalenda yangu, na haijanidanganya.

Nimeukumbuka majuzi, fundi alipokuja hapa mjini, kwangu Mtendeni, kupima geti. Mwanangu amejenga ukuta mrefu kuliko mtu, na sasa anataka geti la chuma, ili mama yake akome kula barazani. Anasema kila mpita njia anajua tumepika nini, naye anaona aibu. Nikacheka. Nimepikia watoto wa shule mpaka nikastaafu, sijapata kupika kwa siri.

Kwetu ni upande wa Igalula, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Tulikuwa kaya saba. Baba yake bibi alibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Safari moja aliugua, wenzake wakamwacha nyuma, akaponea kwenye mkeka wa watu asiowajua. Ndiyo maana kwetu mikeka ilitandikwa nje, kuelekea njiani. Mchana kila mama alitoka na bakuli lake, wanaume wakaenda kwenye moto wao, sisi tukabaki na akina mama. Ugali wa mtama, mlenda unaovutika, karanga za kutwanga, uyoga mvua zikianza, asali bado ina vipande vya nta. Jirani yetu, mama mmoja Mmoraviani, alikuwa na sala ndefu, tukajifunza kumega tonge macho yamefumbwa. Na kama moshi haukuonekana kwako asubuhi, mtu alikuja kuuliza unaumwa nini.

Mpita njia hakualikwa. Alinawa tu, akakaa.

Mwaka ule wapita njia walikuwa wengi, wakitoka Ugogo na njaa yao, miguu myeupe kwa vumbi. Karani mgawa unga akaja na baiskeli. Akasema unga ni wa walioandikwa tu. Kila kaya ile chakula chake ndani na ifunge mlango, na atakayelisha wapita njia jina lake litafutwa. Watu wakatazama chini. Bibi alikuwa anasonga ugali, wala hakuuacha mwiko.

"Mimi sili nyuma ya mlango uliofungwa," akamwambia.

Karani akadhani hajaelewa, akarudia amri yake pole pole kama anayesema na mtoto. Bibi naye akarudia lake, pole pole vilevile. Akafutwa.

Mchana uleule mwanamke wa Kigogo alikaa nasi, mtoto mgongoni. Mtani yule, hata njaa haikumfunga mdomo. "Babu zenu walitulipa hongo ya njia ndipo wanywe maji yetu," akasema. "Leo mimi nala kwenu bure."

Bibi akamsogezea mlenda. "Kula, mtani. Hongo ndiyo hiyo, mmechelewa tu kuifuata."

Lakini jirani yule wa sala ndefu alifunga mlango wake. Simlaumu, alikuwa na watoto watano. Na mimi, nisikufiche rafiki yangu, nilizunguka nyuma ya nyumba yake, akanipa tonge gizani mle ndani, nikalimeza huku nawasikia wenzangu wanacheka nje. Nikarudi nimejifuta mdomo vizuri. Bibi akaninusa vidole.

"Mke mwenzangu," akaniita, maana ndivyo alivyonitania siku zote, ila siku ile hakucheka. "Umeshiba peke yako?"

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Kesho yake alinipa bakuli la mlenda mtupu na kimkeka changu, akanituma nikae mbele ya mlango wa jirani, nile nikiutazama, na nisiingie hata nikiitwa. Siku ya kwanza mlango haukutikisika. Siku ya pili nilisikia mwiko ukigonga chungu mle ndani, halafu kimya. Siku ya tatu jirani akatoka na chungu chake chote, watoto watano nyuma yake, akanipita bila kunitazama, akaenda kukaa ubavuni mwa bibi.

Bibi akasogea kumpa nafasi. "Sala leo fupisha," akasema. "Tuna wageni."

Naye akafutwa. Tukachimba mizizi porini, tukakonda, bibi akawa anaizungusha kanga mara mbili kiunoni. Mvua ikatukuta tuko wote, kaya saba, na yule Mgogo akiwa na mtoto wake. Asije mtu akaniambia tulikula nje kwa sababu hatukuwa na meza.

Leo pale ni shamba la tumbaku. Njia imemezwa na majani, bibi amelala huko, na hata kinu sijui nani alikipasua kuni. Hapa mjini watu wanapika kwa gesi, moshi hauonekani, jirani anaumwa wiki nzima hujui. Maji ya bomba nayapenda, sitaki kurudi kisimani. Lakini ukuta ule sikuuomba.

Jana geti liliwekwa, likafungwa. Mwanangu akaandaa meza, wali na kuku, akanishika mkono kwa adabu zote. "Mama, karibu ndani, chakula kinapoa."

Nikachukua sahani yangu na mkeka wangu, nikavuta komeo, nikatandika nje kando ya barabara. Mama muuza mkaa alikuwa anapita. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikamwonyesha maji ya kunawa. Mwanangu akasimama getini, akaniuliza nitafanya hivi mpaka lini, na kama siogopi watu kumcheka yeye.

Nikamjibu alivyojibiwa karani.

"Mimi sili nyuma ya mlango uliofungwa."