Kikombe cha Filta

Katika kabati langu la vyombo kuna kikombe kidogo cha kioo kisicho na mkono. Ukubwa wake ni wa kikombe cha kahawa, na si mgeni mmoja aliyewahi kukinyooshea mkono akidhani ndicho. Mchungaji wetu alishakishika kabisa akakisogeza kwenye birika, nikamnyang'anya kwa haraka isiyofaa mbele ya mtumishi wa Mungu. Si cha kunywea. Ukikinusa utajua. Kinanuka dizeli ya zamani, ile iliyoganda ikawa kama gundi, na nikiwa peke yangu jikoni harufu ile huja na sauti yake: injini inakohoa, inakohoa tena, kisha kimya cha ziwa. Sijawahi kukiosha ndani. Sababu nitaieleza, maana ndiyo inayonifanya niandike.

Baba yangu alikuwa na boti ya tanga pale Igogo, Mwanza. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na tumboni mwake mlikuwa na injini ya dizeli iliyoizidi boti yenyewe umri. Baba alitumia tanga kila upepo ulipokubali, injini akaiweka kwa ajili ya kuingia gatini na kwa saa zile ambazo ziwa hulala. Aliwabebea watu saruji na mabati kwenda visiwani, akarudi na dagaa. Injini ile aliiita Bibi, na kila asubuhi kabla ya kupiga hendeli aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Bibi." Abiria walicheka. Ikiwaka mara ya kwanza, baba alisema Bibi ameitikia marahaba. Isipowaka, alisema Bibi hajapata chai, akafungua nati moja pembeni ya pampu, akasukuma kijiti kidogo kwa kidole gumba mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kutoa hewa, ndivyo ilivyoitwa kazi ile. Mimi niliijua nikiwa darasa la tano, kabla sijajua kusonga ugali usio na mabuje.

Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita mama. "Mama, nipe spana kumi na tatu." Nilijiona mkubwa sana.

Mama yangu mzazi yeye hakuwa mtu wa injini. Alikuwa mtu wa usafi, na alikuwa na sheria moja ambayo ningeweza kuisema usingizini: chombo kichafu hakijazwi. Dumu haliendi kisimani, haliendi dukani kwa mafuta ya taa, haliendi kwa jirani kuomba maziwa, kabla halijasuuzwa. Na sisi wa ufukweni tulijua namna ya kusuuza dumu. Unatia konzi ya mchanga wa ziwani, unatia maji, unafunga kizibo, unatikisa mpaka mikono iume. Mchanga husugua ndani kusikofikiwa na mkono. Ukimwaga, dumu limetakata. Wasichana wa Igogo tulishindana kwa hilo, na mimi sikushindwa mara nyingi.

Dumu la dizeli la baba lilikaa chini ya benchi la boti, na halikuwahi kuja nyumbani. Sikuwahi kutumwa nalo. Siku moja tu nilitumwa.

Ilikuwa Jumamosi, mama amekwenda Usagara kwenye msiba wa ukoo. Asubuhi jirani alileta simu yake mbio. Mama mdogo Perusi, mdogo wake mama, alikuwa na uchungu tangu jana yake huko kisiwani alikoolewa. Mtoto amekaa vibaya, na mganga wa zahanati amesema aletwe hospitali kubwa mjini, na aletwe leo. Mume wake alikuwa ziwani kwa siku tatu, kwenye uvuvi. Kijana aliyemsaidia baba botini naye alikuwa anaumwa, hakuja kazini. Baba alinitazama, akanipa hela na lile dumu la lita kumi, akaniambia nikimbie sheli wakati yeye anaandaa tanga.

Nikakimbia. Lakini dumu lilikuwa chafu, wasomaji wangu. Lilikuwa na utando mweusi ndani na nje, likateleza mkononi, nami nikasikia sauti ya mama kana kwamba anatembea nyuma yangu. Njia ya sheli ilipita kando ya maji. Nikashuka. Konzi mbili za mchanga, maji, kizibo, nikatikisa, nikamwaga, nikarudia mara tatu. Nililipindua likachuruzika kidogo tu, kwa sababu nilikuwa na haraka. Mwenye kujaza mafuta hakuangalia ndani. Nilirudi na dumu kichwani linang'aa, nikisubiri kusifiwa, na baba hakuliona kabisa. Alilisukuma chini ya benchi tukaondoka.

Upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu, ukatusukuma vizuri hadi kisiwani. Mama mdogo alikuwa gatini tayari, amekaa kwenye mkeka, ameshikwa na mama mkwe wake. Alikuwa akiguguna pembe ya kitenge. Siku zote baba alichuja dizeli kwa kitambaa kabla ya kuimimina kwenye tanki, na siku hiyo alimimina moja kwa moja, akitazama gatini na si mikononi mwake. Tukampakia mama mdogo, tukamlaza kwenye mbao za chini, karibu kabisa na injini, maana ndipo palipokuwa na kivuli, na mama mkwe wake akakaa pembeni yake.

Upepo ukaisha kama unavyoisha mchana. Tanga likalegea. Baba akashusha kichwa akasema shikamoo, Bibi akawaka mara ya kwanza, na hata mama mdogo alitabasamu kidogo. Twende, nikasema moyoni, twende. Tulikwenda labda nusu saa. Milima ya mawe ya Mwanza ilikuwa imeanza kuonekana.

Kisha mlio ukabadilika. Injini ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikatoa moshi mweupe, ikakohoa mara mbili na kuzima. Sijui niwaelezeje kimya kile. Maji hayakupiga hata ubao wa boti. Kilichosikika ni pumzi ya mama mdogo tu.

Baba alifungua kikombe cha kioo chini ya filta. Akakiinua juu kwenye jua, na mimi nikaona mstari: juu dizeli ya manjano, chini maji meupe. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akakizungushia kiganja chake, akanigeuzia mgongo, akamwaga. Akafunga, akatoa hewa, akaamkia, akapiga hendeli. Bibi akawaka kwa dakika tatu, akazima. Akafungua tena, maji tena. Akatoa hewa, akaamkia, akapiga. Dakika mbili. Mara ya nne hakuiamkia.

Nyuma yetu mama mkwe alisema kwa sauti ya chini kwamba miguu imetangulia.

Baba akasema tanki lote limeingia maji, na maji yako chini, kwa hiyo tutanyonya dizeli ya juu. Akanitupia ndoo ndogo tuliyokuwa tunakumbia maji ndani ya boti. "Kausha, mama," akaniambia. "Isibaki hata tone." Nilivua sweta yangu ya shule nikaikausha ndoo ile kama sijawahi kukausha kitu, nikaipuliza kwa mdomo, nikaiweka juani, nikaikausha tena. Mama mkwe alikuwa na vitenge viwili. Kimoja alimpa baba achujie. Baba akatia mpira kwenye tanki, akanyonya kwa mdomo, akatema, akanyonya tena, mpaka dizeli safi ikapita kwenye kitenge kuingia ndoo. Ndoo akaifunga kwenye mlingoti juu ya injini, mpira ukashuka moja kwa moja hadi kwenye pampu. Kazi ile ilichukua muda. Nati ilimponyoka mara mbili.

Mtoto alizaliwa kabla baba hajamaliza kufunga nati ya mwisho. Alikuwa wa kiume. Mama mkwe alimshika miguu, akamgonga mgongo, akampulizia puani, akamgonga tena. Sote tulisubiri alie. Baba alikuwa ameinama na hendeli mkononi, hakupiga, alikuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa nasikiliza. Hakulia. Mama mkwe alimfunga kwenye kitenge cha pili, akamweka kifuani kwa mama yake, akasema maneno ya Kijita ambayo sikuyajua.

Ndipo baba akapiga hendeli, na injini ikalia, ikaenda bila kusita mpaka gatini Igogo. Sijawahi kuisamehe kwa hilo.

Mama mdogo aliwahi hospitali, akapona. Watu walikusanyika gatini kuuliza, na baba aliwajibu wote jibu moja. Alisema tanki lilitoa jasho. Tanki la chuma likiachwa nusu, usiku baridi hugeuza hewa kuwa maji ndani yake, kila fundi anajua, na yeye aliliacha nusu kwa uzembe wake. Alisema hivyo kwa mama aliporudi kutoka Usagara. Alisema hivyo kwa mume wa Perusi, aliyekuja nyumbani kwetu siku ya nne, akasimama mlangoni akakataa kiti. Yule bwana alimwambia baba yangu kwamba amemuua mwanawe kwa uvivu. Baba aliinamisha kichwa, kama alivyokuwa akimwamkia Bibi, akasema, "Ni kweli, shemeji. Nisamehe." Hakusamehewa. Yule bwana hakukanyaga kwetu tena hadi alipofariki.

Watu wa pwani ya ziwa wana ulimi. Boti ikaitwa Jasho. Abiria wakapungua, na wenye saruji wakatafuta boti nyingine. Kabla mwaka haujaisha baba aliiuza, injini na vyote, akawa anatengeneza mashine za kusaga za watu huko Butimba.

Na mimi? Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mimi niliamini. Mtoto akipewa jibu na mtu mzima hulichukua, hasa likimfaa. Nilimwamini baba kuhusu jasho, na nikamkasirikia kama wengine wote. Shuleni walinitania kwa jina la Jasho, nikarudi nyumbani na hasira, nikamkuta anafuta spana zake. Nikamuuliza kwa ukali, "Baba, kwa nini hukujaza tanki?"

Hakuinua macho. "Nilisahau, mama," akasema.

Majuto ni mjukuu, wasemavyo, na yangu yalichelewa miaka zaidi ya ishirini. Tulipomzika baba nilipewa sanduku lake la vifaa, kwa kuwa ndugu zangu hawajui spana. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nilikuta kikombe hiki. Aliuza boti nzima, hiki akakitoa. Nilikiinua dirishani kama alivyokiinua yeye. Kwenye kitako, ndani ya dizeli iliyoganda, kuna chembe tisa za mchanga. Nimezihesabu mara nyingi. Ni mchanga mweupe wa ufukweni, ule wa kusuuzia madumu.

Tanki hutoa jasho. Halitoi mchanga.

Nilikaa na jambo hili miezi, kisha nikaenda Butimba kwa mama mdogo Perusi, anakoishi sasa na binti yake. Nilikifunga kikombe kwenye kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaniwekea uji. Nikamweleza yote: dumu, mchanga, mara tatu. Nililia kabla sijafika mwisho. Yeye aliendelea kuchambua mchele wake.

"Nilikuwa nimelala chini pale," akasema alipoona nimenyamaza. "Yeye alikiinua juu, mimi nikakiona kwa chini. Niliona mchanga. Na wewe nilikuwa nakufahamu, ulivyokuwa unajivunia madumu yako. Baba yako akanitazama, akatikisa kichwa hivi. Nikanyamaza."

Nikamuuliza kama aliwahi kunichukia.

"Mwaka mzima," akasema. "Ukija kwangu nilikuwa nakupa chakula bila kukutazama. Halafu nikachoka. Kula uji, unapoa."

Nikala. Kumbe walinibeba watu wawili, na mmoja wao alikuwa mfiwa mwenyewe, na mimi juu ya migongo yao nilikuwa nalalamika kuhusu jina. Kama ningechapwa siku ile, nadhani ningekuwa nimepona.

Sijapona. Yule mtoto angekuwa baba wa watu sasa. Nikisikia injini ya dizeli inawaka popote, iwe ya mashine au ya lori, husimama kidogo na kusikiliza kama kuna kitu kingine kitakacholia.

Nyumbani tuna jenereta ndogo, na umeme ukikatika binti yangu ndiye huenda sheli. Yeye naye ana jina la mama yangu. Kabla hajatoka nalichukua dumu, nalifungua, nachungulia, kisha nalikausha ndani kwa pindo la gauni langu kadiri kidole kinavyofika. Juzi alicheka akaniuliza kwa nini naharibu nguo nzuri wakati kitambaa kipo pale juu ya msumari.

"Nilisahau, mama," nikamwambia.